Rungu Mkono wa Kushoto

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana baadhi yenu mlikuwepo na mkanyamaza, palikuwa na chuo kikuu kimoja kwenye mji wa baridi. Chuo kilikuwa na ukuta, na ukuta ulikuwa na mageti mawili: geti la juu la wakubwa na magari yao, geti la chini la wanafunzi na matope yao. Kila kitu kilikuwepo kwenye brochure. Bwawa la kuogelea, kwenye brochure. Wi-Fi, kwenye brochure. Maji, kwenye brochure. Mabwenini ukifungua mfereji unausikia ukikohoa, basi.

Wanafunzi wakachoka. Siku moja mvua inanyesha, maji yanamwagika bure nje na ndani hakuna tone, wakashika ndoo tupu, wakateremka hadi geti la chini, wakazigonga. Mawe hawakuwa nayo. Masoja, walinzi wa geti, wakatoka kibandani wamevaa makoti ya mvua ya kijani, kofia zimeshuka hadi puani, wote wanafanana kama soda za kreti moja. Masoja wakafukuza, wanafunzi wakakimbia. Mmoja akateleza. Jina lake Kaingu, mwaka wa tatu, Engineering, mtoto wa watu kutoka Pwani. Soja mmoja akamfikia pale chini, akainua rungu, akampiga kichwani. Kisha soja akarudi ndani ya mvua, koti kati ya makoti, na Kaingu akapelekwa hospitali akafa.

Chuo kikatoa taarifa. Kwa Kiingereza, obviously. The student slipped and fell. Kuteleza kweli aliteleza. Rungu ndilo halikupata nafasi kwenye sentensi.

Aliyeona alikuwa mmoja tu, msichana wa Fine Art aitwaye Nekoye, mwaka wa nne. Studio yao ilikuwa juu ya geti la chini, na yeye alikuwa dirishani. Aliona koti. Aliona kofia. Aliona rungu likipanda na likishuka. Uso hakuuona. Wakamuuliza, "Ni nani?" akasema, "Sikuona uso." Wakamuuliza tena, akasema tena. Kuhusu mkono, nani aliuliza? Hakuna aliyeuliza. Soja alipiga kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ni wa kila mtu. Hausemi kitu.

Sasa sikilizeni siku yenyewe, maana kesi yetu iko ndani ya siku moja.

Siku hiyo mwili wa Kaingu ulikuwa unatoka mochari kwenda kwao. Saa kumi ungepitishwa geti la chini, mama yake akiwa ndani ya gari, wanafunzi wamuage. Asubuhi, kiongozi wa wanafunzi akapanda ngazi za studio. Huyu aliitwa Mutembei, lakini ukimwita Mutembei bila kuanza na Comrade alikuwa hasikii.

"Nekoye," akasema, "mama yake ameambiwa mtoto aliteleza. Atazika mtu aliyeteleza. Wewe uliona."

"Niliona, Comrade. Nitachonga nilichoona, nitachapa nakala za kujaza geti lote. Akipita, atajua."

"Safi. Weka na maandishi. HAKI KWA KAINGU. Herufi kubwa za kusomeka hadi barabarani."

"Sitaweka maandishi."

"Kwa nini?"

"Maneno yako yana megaphone. Hii haina maneno."

"Artists," akasema Comrade Mutembei, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Haya. Saa tisa nakuja kuchukua. Saa tisa, si saa tisa ya artist."

Akashuka. Nekoye akabaki na mwenzake wa darasa, kijana aitwaye Thoya. Huyu Thoya alikuwa akilala chumba kimoja na Kaingu. Tangu kifo alikuwa anakuja studio kila asubuhi, anakaa, anatengeneza chai ambayo hanywi.

Studio yenyewe mngeiona mngelia au mngecheka. Press ya chuma ilikuwa pale kona, imefungwa mnyororo na kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mhadhiri, na mhadhiri alikuwa Naivasha kwenye workshop ya kufundishwa namna ya kufundisha. Kwa hiyo wanafunzi walichapa kwa mkono. Lino, ile mipira ya sakafu, walikuwa wameibandua kwenye ofisi ya zamani iliyohamwa, na kilikuwa kimebaki kipande kimoja, ukubwa wa trei ya chai. Patasi zao zilikuwa njiti za mwavuli, zimenolewa kwenye saruji na kupachikwa vipini vya mti. Wino wa kiwanda cha magazeti, wa makopo yaliyokwisha muda. Na ukimaliza hapo unapewa kofia na joho, unaambiwa go out and create employment.

Lakini walikuwa na sheria moja, na waliiheshimu kuliko katiba. Kabla hujachonga, unakwenda kioo. Mlangoni palitundikwa kioo kikubwa. Unasimama mbele yake na mchoro wako kifuani, unauangalia mle ndani, na unachokiona kwenye kioo ndicho unachochonga. Kwa nini? Kwa sababu chapa hugeuza. Ukichonga mlango upande wa kulia, karatasi inakupa mlango upande wa kushoto. Ukichonga jina lako, linatoka linarudi nyuma. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuchapa kadi za harusi ya dada yake bila kwenda kioo, na hadi leo shemeji yake anaitwa kinyumenyume.

Basi tangu wakati huo, mtu akiona herufi kwenye mchoro wake, miguu inampeleka kioo yenyewe. Herufi ndizo zilikuwa zinawakumbusha.

Na mchoro wa Nekoye haukuwa na herufi.

Alikuwa ameuchora kwa penseli siku ileile ya mvua. Soja amesimama, koti, kofia, rungu juu, mkono wa kulia. Akalaza karatasi ya kaboni juu ya lino, akalaza mchoro juu ya kaboni, akapitisha kalamu kwenye kila mstari. Mistari ikashuka kwenye lino vilevile ilivyo, kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Akabandika mchoro ukutani karibu na sinki. Kioo kikawa nyuma yake, mlangoni. Akashika patasi.

"Ipeleke lino juani kwanza," akasema Thoya. "Ikiwa ngumu kwa baridi hii, patasi itakukata kidole."

Akaipeleka juani, ikalainika. Akaanza na mvua. Ukichonga panabaki peupe, usipochonga pananasa wino, kwa hiyo mvua aliichonga mstari kwa mstari, mingi, mirefu, na koti akaliacha lilivyo, zima, jeusi. Vipande vya lino vikawa vinaruka mezani kama makucha ya mtu anayekatwa kucha.

"Umemfanya mnene," Thoya akasema.

"Ni koti."

"Na Kaingu utamweka wapi?"

"Simweki. Naweka ndoo tu, imelala."

Thoya akaisogelea lino. "Hiyo ndoo ni yangu," akasema. "Nilikuwa na homa. Aliniambia lala, buda, nitakuletea maji. Akachukua ya kwake na ya kwangu."

Nekoye akarudi kwenye lino. Akachonga ndoo, na akaichonga vizuri, mkono wa chuma na kovu la kupasuka pembeni. Hadi saa sita akawa amemaliza. Hakula. Thoya hakula. Wakaanza kuchapa.

Kuchapa kwa mkono ni kazi ya wawili. Mmoja ni mikono michafu, anagusa wino na haruhusiwi kugusa karatasi. Mwingine ni mikono safi, anagusa karatasi na haruhusiwi kugusa wino. Ukichanganya, kila nakala inatoka na alama za vidole kama kituo cha polisi. Nekoye akawa mikono michafu. Thoya akanawa kwa maji ya chupa, akawa mikono safi.

Nekoye akamwaga wino kwenye kioo cha dirisha la zamani, akausukuma kwa rola, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka wino ukaanza kutoa sauti kama mafuta yanayopata moto. Akapitisha rola juu ya lino. Thoya akalaza karatasi. Akageuza mwiko, mwiko wa ugali kabisa, akasugua mgongo wa karatasi kwa upande wa nyuma wa mwiko, mduara, mduara, katikati hadi pembeni. Kisha akashika ncha ya karatasi, akaibandua polepole.

Ikatoka. Nawaambia ilikuwa kazi nzuri, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Mvua ilikuwa mvua. Koti lilisimama pale kama mlango wa jela. Ukiitazama, unataka kuinua mkono kukinga kichwa chako.

Na rungu lilikuwa mkono wa kushoto.

Thoya aliliona hapohapo. Akatazama karatasi, akatazama mchoro ukutani. Ukutani, kulia. Kwenye karatasi, kushoto. Na alipouona mkono ule wa kushoto, akamwona mtu.

Hapa niwaambie mtu gani. Palikuwa na soja wa geti la chini aitwaye Zablon, na hakuna mwanafunzi aliyemwita Zablon. Walimwita Shoto. Alifungua geti kwa kushoto, alisaini kwa kushoto, alipigia wakubwa saluti kwa kushoto mpaka bosi wake akachoka kumkaripia. Malaika hakuwa. Alikunyang'anya coil ya kupashia maji na asikurudishie. Alikuuliza kitambulisho asubuhi, akakuuliza tena mchana, na jina lako analijua. Lakini chuo kizima, masoja wote, wa mashoto alikuwa yeye peke yake.

"Vipi?" Nekoye akauliza. Alikuwa ameinama, anapaka wino wa nakala ya pili. "Wino umekosa mahali?"

Thoya akashikilia karatasi mbele yake kwa mikono safi. Lino nyingine haikuwepo. Saa kumi ilikuwa inakuja.

"Hapana," akasema. "Iko sawa."

"Tundika, tuendelee."

Akatundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wakaendelea. Wino, karatasi, mwiko, bandua, tundika. Wino, karatasi, mwiko, bandua, tundika. Kamba ikajaa, wakafunga kamba nyingine. Masoja wakaning'inia studio nzima, weusi, wabichi, kila mmoja rungu mkono wa kushoto.

Mtauliza, Nekoye hakuziona? Aliziona. Lakini mtu anayeitazama lino asubuhi nzima, macho yake huzoea kugeuza. Alitazama nakala zake na akaona kile alichokuwa anakikumbuka. Ndivyo walivyo hawa watu wa chapa, wanaona kwa kurudi nyuma.

Saa tisa Comrade Mutembei akaja na vijana wawili. Akasimama chini ya kamba, akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Moto," akasema mwishowe. "Hii ni moto. Nekoye, forgive me, ulikuwa sahihi. Maneno ya nini."

"Bado mbichi, zishikeni pembeni. Thoya nenda nao, wasizichafue."

Thoya akaenda, na ndoo ya gundi ya unga. Nekoye akabaki kuosha rola.

Geti la chini likajaa. Wakabandika nakala ukutani, kwenye nguzo, kwenye kibanda cha masoja chenyewe. Masoja wawili walikuwa zamu. Mmoja alikuwa Shoto. Mwingine aliitwa Koplo, ingawa hakuna jeshi lililowahi kumjua, na huyu Koplo ndiye aliyempiga Kaingu. Nawaambia nyinyi. Siku hiyo waliojua ni wawili, Koplo mwenyewe na Mungu, na wote wawili walinyamaza.

Watu wakatazama picha. Wakalia, wakaapiza. Comrade Mutembei naye akaitazama tena, sasa kwenye mwanga, na akaona. Ngazi za studio zilikuwa hatua chache nyuma yake. Angepanda akauliza, "Nekoye, huu mkono ni kweli?" Nani aliuliza? Hakuna aliyeuliza. Mtu mwenye megaphone na umati mbele yake huwa na haraka. Akapanda juu ya nguzo ya geti.

"Comrades," akasema, "mmetafuta uso. Uso hakuna. Tazameni mkono."

Minong'ono ikapita, kisha vichwa vikageuka vyote upande mmoja, kama nyasi.

"Shoto," akasema Comrade Mutembei, kwa upole kabisa. "Siku ya mvua ulikuwa zamu wapi, mzee wetu?"

Na hapo Zablon akadanganya. Kwa sababu siku ya mvua hakuwa getini. Alikuwa amelala kwenye banda la trekta nyuma ya jiko, kwenye magunia, maana alikuwa ameunganisha zamu ya usiku na ya mchana. Soja akikutwa amelala anaachishwa kazi siku hiyohiyo. Koplo alikuwa amesimama pembeni yake, na Zablon aliamini akikiri mbele yake, Koplo angempeleka kwa bosi.

"Nilikuwa hapahapa," akasema. "Mimi siachi geti langu hata dakika."

"Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa. Muulize Koplo."

Wakamgeukia Koplo. Koplo akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Kila mtu alikuwa hapa," akasema.

"Hebu tupigie saluti, Shoto," mtu akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka kidogo. Zablon, kwa hofu au kwa mazoea, akapiga saluti. Kwa kushoto.

Wakaacha kucheka.

"Mnajua cha kufanya," akasema Comrade Mutembei. Baadaye angeapa alimaanisha wamkamate, wampeleke kituoni. Labda. Thoya alikuwa pale na ndoo ya gundi. Alikuwa anakoroga. Aliona wanamfikia, aliona kofia ikianguka, na alikuwa anakoroga.

Juu studioni Nekoye aliosha rola kwa mafuta taa. Akafuta kioo cha wino. Akaubandua mchoro wa penseli ukutani ili auhifadhi, akaulaza mezani kando ya nakala moja iliyobaki. Akautazama mkono huu. Akautazama mkono huu mwingine. Akasikia kelele za getini, na akamsikia mtu akitaja jina.

Alishuka zile ngazi bila viatu, mikono myeusi hadi viwiko. "Ni kulia," alikuwa anasema. "Ni mkono wa kulia. Picha imegeuka. Chapa hugeuza, ni mimi, sikwenda kioo, ni kulia." Akamshika huyu shati, akamshika yule. Nani angemwelewa? Unaanzaje kuwaeleza watu wanaopiga habari za lino na kioo? Kijana mmoja akamsukuma pembeni, si kwa ubaya, akamwambia, "Sista, umefanya kazi yako. Tuachie yetu."

Gari la Kaingu likafika saa kumi kamili. Likakuta geti limezibwa na watu. Mama yake Kaingu alikuwa kiti cha mbele. Aliziona picha ukutani, na chini ya picha akamwona mtu amelala, na yeye alikuwa wa kwanza kuteremka akavua leso akamfunika. Zablon alikufa chini ya ile leso.

Polisi wakaja, umati ukayeyuka. Mia waliopiga wakawa hakuna hata mmoja aliyepiga. Chuo kikatoa taarifa, kwa Kiingereza. Kikafungwa indefinitely. Nakala zikabanduliwa na mvua.

Asubuhi ya kumchukua Zablon mochari, walikuja watu wanne mbali na familia. Koplo alikuja kwa sababu kampuni ya ulinzi ilimtuma abebe sanduku. Nekoye alikuja mwenyewe. Thoya alikuja nyuma ya Nekoye. Comrade Mutembei alikuja amevaa kofia ya kujificha, bila megaphone, na bila megaphone alikuwa mfupi.

Walibeba sanduku wote wanne. Wakaliweka nyuma ya pickup, nduguze marehemu wawili wakapanda kando yake. Mjane aliitwa Mama Rispa, mwanamke mrefu, sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki sokoni. Akawaita wale wanne pembeni ya ukuta.

"Nimeambiwa kila mmoja wenu ana lake," akasema. "Kwetu mtu hazikwi mpaka asimame mtu kaburini aseme alikufa vipi. Mimi sikuwepo. Shemeji zangu hawakuwepo. Pale mbele, kati yangu na dereva, kuna kiti kimoja. Nataka aliyemuua mume wangu akae hapo. Afike nyumbani aseme kwa mdomo wake. Watakachomfanyia huko, mimi siahidi kukizuia."

Hakuna aliyesogea.

"Ni mimi," Nekoye akasema. "Nilichonga mkono ambao sikuuona. Kioo kilikuwa mgongoni kwangu. Kugeuka tu, Mama."

"Nilikuambia uweke maandishi," akasema Comrade Mutembei, kwa sauti ya chini. "Ungeweka herufi moja tu, ungekumbuka kioo."

"Na wewe je?" Mama Rispa akamwuliza.

"Mimi nilisoma kilichochapwa, Mama. Ningepewa kulia ningesoma kulia. Nilitaka ashikwe tu, ahojiwe."

"Ulisema mnajua cha kufanya," akasema Nekoye.

"Nilisema. Wakajua chao, si changu."

"Ungepanda ngazi ukaniuliza."

"Ningepanda. Na wewe ungetazama picha yako kabla hujanipa." Akavua ile kofia, akaivaa tena. "Mimi nilikosea kwa sababu yako. Wewe ulikosea kwa sababu ya nani?"

Thoya akatoka ukutani. "Hawa walikosea," akasema. "Mimi sikukosea. Karatasi ya kwanza nilipoibandua, nilijua. Kosa nililiona na mtu wake nikamwona."

Nekoye akamgeukia. "Uliniambia iko sawa."

"Nilikuambia iko sawa. Nilikuwa nalala na kile kitanda kitupu kando yangu kila siku, na wanasema aliteleza. Nikawaza, afadhali awe mtu kuliko asiwe mtu yeyote." Akamtazama mjane. "Lakini sikuinua mkono, Mama. Sikufungua mdomo."

"Hilo ndilo ulilofanya," akasema Mama Rispa.

Wakamtazama Koplo. Koplo akacheka kidogo puani, akatazama kama kuna mtu anayesikia.

"Mnanitazama nini? Haya. Yule kijana wa Pwani nilimpiga mimi. Mkono huu." Akauinua, wa kulia. "Nendeni mkaseme kituoni. Mkisema, na mimi nitasema nyinyi ni kina nani." Kisha akamgeukia mjane, na sauti ikapungua. "Zablon aliniangalia, Mama. Alidhani ninamfichia kwamba alikuwa amelala. Ningesema neno moja wangemwacha, wangenichukua mimi. Kunyamaza nilinyamaza. Lakini mimi sikumchora, sikumchapa, sikumtangaza. Yule niliyempiga mimi amezikwa kwao. Huyu wa leo si wangu."

"Aliniambia," akasema Mama Rispa. "Siku ya mvua alipiga simu jioni, akaniambia leo nimelala kama mtoto. Angewaambia hivyo angepoteza kazi tu." Akalitazama sanduku. "Na yeye ana lake. Lakini yeye ameshapanda gari."

Akawatazama mmoja mmoja. Aliyekosea. Aliyejua. Aliyetamka. Aliyejificha. Dereva akawasha injini, akafungua mlango wa mbele, akasema, "Mama, safari ni ndefu."

Sasa nyinyi mnaosikiliza, nawajua. Mtaniambia wote. Wote si jibu, kiti ni kimoja. Mtaniambia umati. Umati haupandi gari, na haukuja mochari. Mtaniambia chuo, mtaniambia kampuni, mtaniambia serikali, na mimi nitakubali mpaka mate yakauke, lakini hao hawakuwepo pale ukutani. Waliokuwepo ni wanne, mlango uko wazi, na mjane ameshapanda, anasogeza gauni lake ili mtu apate pa kukaa.

Je, nani alistahili kukaa pale?